Kitindamimba wa Chuma

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wengi wetu tukiisikia methali hii tunamfikiria mtoto wa damu na nyama: ukimzoesha kudokoa jikoni kwako atadokoa hadi kwa jirani, na ukimfunza salamu atakuamkia hata siku aliyokununia. Lakini si kila mtoto huzaliwa. Yapo mambo tunayoyalea kwa mikono yetu wenyewe, tukayafunza tabia zetu nzuri na mbovu, kisha yakisimama dede na kutembea bila sisi, tunashika tama na kuuliza yamefunzwa na nani. Anayebisha na amsikilize Fundi Tone.

Fundi Tone hakuwa fundi wa bomba wala wa redio. Alikuwa mkemia katika kiwanda cha vidonge, mtu mrefu, mkavu kama ufito, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata mifukoni. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mkono wake, maana aliweza kumimina tindikali kutoka chupa hadi chupa huku akizungumza, na asimwage hata tone. Kazi yake ilikuwa kutafuta kisichotakiwa. Kidonge hutokana na unga, na unga mwingine huchimbwa ardhini, na ardhi haichagui cha kukupa. Pamoja na dawa huweza kujipenyeza metali mbaya, kama vile risasi na ndugu zake. Hizo haziui papo hapo kama nyoka. Huingia mwilini kama mgeni asiyeaga; leo anaomba pa kuketi, kesho anaomba pa kulala, na mwisho wake mwenye nyumba ndiye anayelala ukumbini.

Ili kumfichua mgeni huyo, Fundi Tone alikiyeyusha kidonge katika tindikali ya moto, akayapuliza maji yake kwenye mwali mkali, na mwanga wa mwali ukamwambia kuna metali gani na ni kiasi gani. Ilikuwa kazi ya subira, na subira alikuwa nayo tele. Ila alikuwa na tabia moja, nayo ndiyo iliyozaa kisa hiki. Jibu baya la kwanza hakuliamini kamwe.

"Chupa hiyo," angesema, bila hata kuinua kichwa. "Ioshe, chukua kidonge kingine, rudia."

Tabia hiyo haikutoka hewani. Alipokuwa kijana, chupa za maabara zilikuwa chache na zilioshwa kwa haraka, na mara nyingi uchafu uliopimwa ulikuwa wa chupa, si wa dawa. Aliporudia, jibu lilitoka safi, wakubwa wakampongeza kwa kutokurupuka. Basi akajitungia msemo wake, kwamba doa la sahani si doa la wali. Miaka ikaenda, chupa mpya zikaja, lakini tabia ikabaki pale pale. Jibu jema halikuwahi kurudiwa hata siku moja. Ni baya tu lililoambiwa likaoge kwanza ndipo lirudi. Na lilipobadilika likawa jema, lile la mwanzo lilifutwa akilini kama nyayo mchangani.

Meneja wa kiwanda alimpenda kama mboni ya jicho. Katika maabara ya mzee huyu mzigo haukukwama.

Ndipo mtambo ulipoletwa. Ulikuwa na mkono mwembamba wa chuma uliobeba sindano ndefu, trei za vichupa zilizopangwa kama mayai, na kioo cha kompyuta kilichoonyesha kijani kwa kilicho salama na nyekundu kwa kilichozidi kiwango. Ungeweza kuchukua kidonge, kukiyeyusha, kunyonya maji yake, kuyachoma, kuyasoma, kuosha kinywa chake na kumwita mwingine, tangu asubuhi hadi jioni, bila chai na bila udhuru wa msiba. Kitu kimoja tu haukuwa nacho: akili ya kujua la kufanya. Hilo lilitakiwa kuandikwa na mtu, hatua kwa hatua. Na nani mwingine wa kuandika kama si Fundi Tone?

Akauketia mtambo ule masika yote. Aliufunza kuosha vichupa mpaka vikawa kama havijawahi kuguswa, akaufunza kupima tindikali kwa hesabu isiyoyumba. Mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki akiufuta vumbi kwa leso yake ya mfukoni. Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, nyumba imepoa. Basi wafanyakazi wakaanza kuuita mtambo ule Kitindamimba.

"Shikamoo mzee. Mtoto ameamkaje?" walimtania mlangoni.

"Marahaba. Mtoto hajambo, ila anawaulizia nyinyi wachelewaji."

Msaidizi wake alikuwa mkemia wa kike aliyevaa vioo vizito, waliyemwita Miwani. Siku Fundi Tone alipoandika hatua za mwisho, Miwani alikuwa amesimama nyuma yake akisoma.

"Mzee, hapa umeandika kwamba akikuta nyekundu, aoshe, achukue kidonge kingine, apime tena."

"Ndiyo."

"Apime mara ngapi?"

"Mpaka atulie."

"Atulie maana yake nini? Mpaka apate kijani?"

Fundi Tone akageuka, akamtazama kwa upole wa mtu aliyeshika mpini. "Mwanangu, wewe umezikuta chupa zinameremeta. Sisi tumetoka mbali na uchafu. Ukiamini kila nyekundu, utamwaga dawa za watu kwa kosa la chupa."

"Lakini chupa hizi anaziosha mwenyewe, na umesema anaosha kuliko sisi. Na ripoti inabakisha jibu la mwisho tu. Je, kama la kwanza ndilo la kweli?"

"Nenda kaoshe zile za mezani kwanza, ndipo uje unifunze."

Wenzake wakacheka, na Miwani akaenda kuosha. Siku ile ndipo Kitindamimba alipomaliza kunyonya.

Mke wa Fundi Tone alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na mtaa mzima ulivaa sare za shule zilizotoka chini ya mkono wake wa kulia. Alikuwa mwanamke wa maneno, asiyeweza kuandaa meza bila kutega kitendawili.

"Kitendawili!" alisema jioni moja, akimpakulia mumewe.

"Tega."

"Ninaye mke mwenza, hali chakula changu, halali kitandani mwangu, lakini mume ananukia yeye."

Fundi Tone alijinusa koti. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji nishauchukua, na mashine yako ndiyo jibu. Unanuka tindikali mpaka mchuzi unachacha."

"Yule si mke mwenza, mama watoto. Ni mwanao wa mwisho."

"Mwanangu? Mimi uzazi nilifunga! Basi mwambie mwanangu aniletee dawa ya magoti, maana kupiga cherehani kumeyala."

Alisema kwa mzaha, lakini magoti yalimuuma kweli, na daktari alikuwa amemshauri anywe vidonge vya chokaa vya kuimarisha mifupa. Kiwanda kilivitengeneza. Fundi Tone akamletea kopo, akalifungua mwenyewe, akamwekea kidonge kiganjani.

"Kunywa bila wasiwasi. Hiki kimepita mikononi mwa mwanao. Yule hana upendeleo, hachoki, hadanganyi."

"Kama kimepita kwako, kimepita," akasema mkewe, akameza. Tangu hapo hakuacha hata siku moja, maana alikuwa mtu wa kushika neno.

Haukupita muda, machimbo yaliyokuwa yakikiuzia kiwanda chokaa yakaishiwa, ikaletwa chokaa ya machimbo mengine. Ilikuwa nyeupe pe, inapendeza kwa macho. Lakini kizuri hakikosi ila. Ndani yake mlikuwa na chembe za risasi, na chembe hizo hazikuchanganyika sawasawa katika unga. Kidonge hiki kilibeba nyingi, jirani yake kikabeba chache. Kitindamimba akapima. Akakuta nyekundu. Akafanya kama alivyofunzwa: akaosha kinywa, akachukua kidonge kingine. Nyekundu. Akaosha tena, akachukua kingine, mpaka bahati ikamletea kile chenye chache. Kijani! Akaandika kijani, akafuta mengine yote, akamwita anayefuata. Hakumficha mtu jambo. Hakuna aliyekuwa akimtazama, kwani mtambo wa kujiendesha hununuliwa ili watu wakafanye mengine.

Makopo yakatoka. Yakaenda madukani, hospitalini, kwa wazee na kwa wajawazito. Na moja likaenda dirishani, kando ya cherehani.

Mke wa Fundi Tone akaanza kulalamikia tumbo. Lilimsokota mpaka akajikunja. Chakula kikawa na ladha ya msumari mdomoni mwake. Akawa mkali kwa wateja, yeye aliyezoea kuwachekesha wakati anawapima viuno. Kisha siku moja mchana alikuwa akikata kitambaa, na mkono wa kulia ukaanguka. Haukuuma. Ulilegea tu kwenye kifundo, vidole vikatazama chini kama majani yaliyokosa maji, na mkasi ukalia sakafuni.

"Uzee huo," alisema Fundi Tone aliporudi, akiukanda mkono ule.

"Uzee gani unaochagua mkono mmoja tu, baba watoto? Tena ule wa kazi?"

"Mifupa inadai. Umekuwa ukinywa kimoja?"

"Kimoja, kama ulivyosema."

"Basi ongeza. Asubuhi kimoja, jioni kimoja."

Akaongeza. Alikunywa mbele yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemshikia glasi, kwa kuwa mkono ulikuwa hauwezi.

Mwezi mwingine ulipoandama, hali ikawa si hali, wakaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamama wa makamo, hana haraka. Alimwambia mgonjwa anyooshe mikono. Wa kushoto ukanyooka, wa kulia ukaning'inia. Akauliza kama nyumbani wanayeyusha betri, kama wamekwangua rangi ya zamani ukutani, wanapikia masufuria gani. Hapana, hapana, ya kawaida tu. Akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka, aliyasoma, akavua miwani.

"Kuna risasi katika damu ya mama. Nyingi. Ndiyo iliyoua mishipa ya fahamu ya mkono."

Fundi Tone akasema pale pale, kabla hajafikiri, kama mtu anavyopiga chafya, "Rudieni. Huenda ni chupa."

Daktari hakukasirika. Alimwita mpimaji, damu ikatolewa tena katika kichupa kipya. Wakakaa kwenye benchi, mgonjwa ameegemea bega la mumewe, mkono wake umelala mapajani kama si wake. Jibu likarudi lile lile.

"Tupime mara ya tatu," akasema Fundi Tone.

"Mzee wangu," daktari akamjibu, "hata tukipima mara ya kumi, damu itakuwa bado ni ya mkeo. Niambie, anatumia dawa gani?"

Akataka kujibu kwa fahari yake ya siku zote, kwamba ni za kiwandani kwetu, nazipima mwenyewe. Akajibu tu, "Vidonge vya chokaa."

Asubuhi iliyofuata aliingia maabara na kopo la nyumbani. Miwani alikuwepo, akamwamkia, akaona uso wake, akampisha. Fundi Tone alivimimina vidonge kwenye trei, akavuta kiti, akaketi mbele ya kioo. Tangu mtambo uanze kazi, hakuwahi kuketi akautazama ukimaliza zamu hata moja. Mzazi gani huketi kumchungulia mtoto aliyekwisha kumwamini?

Mkono wa chuma ukashuka, ukanyonya, mwali ukang'aa. Nyekundu. Sindano ikaenda kuoga. Kidonge kingine. Nyekundu. Ikaenda kuoga. Fundi Tone akakisogelea kioo, maana ule mwendo aliutambua. Namna ile ya kutotetereka, namna ya kulipuuza baya kwa adabu na kwenda kuosha chombo, ilikuwa yake yeye. Ni kama mtu aliyesikia kikohozi chake kikitoka chumba cha pili. Nyekundu tena. Kuoga tena. Kisha kijani, na mara ile kioo kikafuta mengine yote, kikabaki kimetulia kama kanzu ya sikukuu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilikwambia, mzee," Miwani alisema. "Ukaniambia nikaoshe chupa."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililochoma zaidi.

Fundi Tone akapanda ofisini kwa meneja. Akaeleza yote bila kujipaka mafuta: chokaa ina risasi, mtambo umekuwa ukiruka majibu mabaya, makopo yote yarudishwe leo. Meneja alimsikiliza, kisha akasogeza kiti karibu.

"Fundi, tusikurupuke. Mashine imepitisha. Si wewe mwenyewe uliyetuambia haina upendeleo?"

"Nimeifunza mimi. Nimeifunza vibaya."

"Sawa, lakini jibu moja baya si ushahidi. Huenda kopo lako la nyumbani limechafuka. Hebu pima tena kwanza. Taratibu, kama kawaida yako. Rudia, halafu tuzungumze."

Fundi Tone alimkodolea macho. Kumbe hakulea mtoto mmoja. Miaka yote aliyokuwa akisema rudia, huyu naye alikuwa hapo akinyonya, na sasa amekomaa, ana meno. Kiwanda kizima kilikuwa kimekua kwa maziwa yale yale.

"Sirudii," akasema. "Mke wangu hana mkono mwingine wa kupimia."

Akashuka ngazi, akatoka langoni na koti lake jeupe mwilini, akaenda mwenyewe kwa wakaguzi wa dawa wa serikali. Kabla ya jioni kiwanda kilisimamishwa, na watangazaji wa redio wakawa wanawaambia watu wayarudishe makopo. Mengi yalirudi yakiwa na vidonge nusu. Mengine yalirudi matupu. Kidonge kilichomezwa hakirudi dukani.

Kiwanda kilitafuta wa kubebeshwa lawama, na hakikutafuta mbali. Meneja alisimama mbele ya wakaguzi akasema mtambo ulifanya kama ulivyoandikiwa, na aliyeuandikia ni huyu. Walitazamia Fundi Tone ajitetee. Yeye akasema, "Ni kweli." Wale waliokuwa wakimtania mlangoni wakawa wanakagua viatu vyao. Akaambiwa asirudi tena.

Miwani alimsindikiza hadi langoni. "Mzee, ile hatua nimeifuta. Sasa akikuta nyekundu anasimama na kupiga kengele, na kila jibu linabaki."

"Imekuchukua muda gani?"

Miwani aliona haya kujibu. "Chai yangu haikupoa," akasema.

Nyumbani, mkewe alikuwa amekaa kitini pake dirishani. Hospitali ilikuwa imempa dawa ya kuitoa risasi. Tumbo lilitulia, rangi ikamrudia usoni. Mkono haukurudi. Daktari alikuwa amewaeleza bila kuwazungusha kwamba mishipa iliyokufa muda mrefu haiamki. Fundi Tone akaketi chini, kwenye mkeka, akamsimulia mwanzo hadi mwisho. Hakuacha neno. Alipofika pale pa kuongeza kidonge cha jioni, mkewe akammalizia.

"Na glasi ukanishikia."

"Na glasi nikakushikia."

Nje watoto walikuwa wakipita kutoka shule, wamevaa sare alizozishona. Mwanamke aliwatazama mpaka wakapinda kona. Fundi Tone alingoja mzaha, alingoja kitendawili, hata tusi angelipokea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama watoto. Ile mashine natamani ningeivunja kwa nyundo."

"Usiivunje. Imekosa nini?" alisema mkewe. "Ulichoifunza ndicho ilichofanya. Ilikutii. Na mimi nilikutii. Ila yenyewe wameirekebisha."

Akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka mapajani, akageuzia uso dirishani. Fundi Tone alibaki pale mkekani, mikono yake miwili mizima haina kazi, akajua kwamba hakuna mwingine wa kumlaumu, wala chuma, wala chokaa, wala meneja. Maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.